Vyungu Sita Kutoka Roan

Jumatatu, 7 Oktoba

Unga umepanda tena. Mfuko wa kilo ishirini na tano, kwacha mia tatu na arobaini! Wiki iliyopita ulikuwa mia tatu na kumi. Nimesimama mbele ya duka pale sokoni Mpatamatu nikaisoma ile karatasi ya bei mara tatu, nikidhani macho yangu yana matatizo. Hayana. Muuzaji akaniuliza kama nanunua au nasali.

Umeme ulikuja saa saba usiku, ukaondoka saa kumi. Fundi wa kuchomelea atachomelea nini saa saba usiku? Nondo zangu zimelala uani zinashika kutu. Tangu Julai sijauza hata fremu moja ya dirisha. Mke wangu ana cherehani ya kukanyaga kwa miguu, isiyojua habari za mgawo. Ndiyo inayotulisha. Kila ikianza kulia nasikia kama inanisema mimi.

Leo kamaliza sare za kwaya ya kanisa. Akanipa kwacha mia tatu na hamsini zilizokunjwa kwenye kitambaa. Akasema ninunue mfuko mzima, si vile vifuko vidogo vya kupima. "Nimechoka kununua unga kama mtu anayenunua chumvi," akasema. Halafu akasema, wala hakupandisha sauti, kwamba Jumamosi ikifika na mfuko haujasimama pale kona ya jikoni, yeye na Chisenga wanarudi Roan kwa wazazi wake. Chisenga ni binti yetu, ana miaka kumi na minne. Alikuwa anaosha vyombo. Akaacha kuosha.

Nikacheka kidogo. Nilicheka peke yangu.

Nilitoka kwenda dukani, naapa. Lakini lazima nipite kwa jirani Jere, na Jere hapitwi. Yeye Mngoni wa Chipata, mimi Mbemba, watani tangu enzi za mababu. Tukikutana ni matusi kwanza, salamu baadaye. Leo kaniuliza mla nyani anakwenda wapi na gunia tupu. Nikamwambia mla panya afunge mdomo. Hakufunga. Akaanza tena ile hadithi yake. Mwaka jana wakwe zake walimletea matebeto!

Mngoni! Kaoa kwetu, kakaa na mke miaka kumi na miwili tu, na wakwe wakatoka msafara mzima wa wanawake, vyungu sita kichwani, nyimbo na vigelegele, kumshukuru kwa kumtunza binti yao. Kuku wazima wazima. Samaki wa Bangweulu. Mboga za karanga. Kumbikumbi wa kukaanga. Anasema walikula wiki mbili, mpaka mbwa akanenepa. Mimi nina miaka kumi na sita katika ndoa na sijaletewa hata yai.

Nikasimama pale pale njiani. Mfuko mmoja utatulisha wiki tatu, ugali mtupu na matembele. Vyungu sita vya matebeto vitatulisha wiki mbili, na kuku juu! Na heshima! Na Jere atanyamaza maisha yake yote.

Nikageuza. Sikufika dukani.

Jumanne, 8 Oktoba

Shida ya matebeto ni moja: hayaombwi. Wakwe wenyewe wanakaa, wanasema mkwe wetu huyu ni mtu, tumpikie. Ukiomba umejidhalilisha. Nimewaza asubuhi nzima. Sitaomba. Nitakumbusha.

Nimenunua kitenge cha tausi, kile kizuri cha nta, lita mbili za mafuta ya kupikia na kilo mbili za sukari. Vyote kwa mama mkwe. Sukari siku hizi ni kitu cha kupeleka kwa chifu! Hela ya unga imebaki kidogo tu, ikaishia kwenye tumbaku ya mshenga.

Kwetu mkwe hasogeleani na mama mkwe. Nikimwona njiani nakata kona. Kwa hiyo kila kitu kinapitia kwa mshenga, Mzee Lengwe, aliyetuposea mwaka ule. Mchimbaji mstaafu, kifua kibovu, anakohoa kama lori la migodini. Nilimkuta amekaa mlangoni. Nikampa mzigo, nikamweleza aseme umetoka nyumbani kwa Evaristo Kabaso, mkwe wao wa miaka kumi na sita, ambaye hajawahi kumpiga binti yao wala kumlaza njaa.

Lengwe akakohoa palepale kwenye neno njaa. Akaniuliza mke wangu anajua habari hizi. Nikasema mambo ya heshima hayaanzi jikoni. Akaitazama ile sukari. Akaniuliza tena, nyumbani kuna unga? Wazee wana maswali! Nikamwambia upo njiani.

Sikudanganya. Upo njiani. Nani ajuaye ni njia gani.

Jumatano, 9 Oktoba

Kaluba (ndilo jina la mke wangu, ingawa mbele za watu ni Mama Chisenga) kaniuliza mfuko uko wapi. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema unga umekwisha madukani, gari la kiwanda limekwama Ndola, litafika Jumamosi. Nikaongeza habari za gurudumu. Nikaongeza na dereva anayeumwa tumbo. Nikaona naongeza mno, nikanyamaza.

Akasema Mama Jere amenunua mfuko leo asubuhi, duka lile lile.

Nikasema huo ulikuwa wa mwisho.

 Akatoa sarafu kwenye kopo la vifungo, akamtuma Chisenga akanunue kifuko cha kupima. Kifuko chenyewe kinajaa kiganjani. Uji asubuhi, ugali jioni, ugali wenyewe mdogo kama ngumi ya mtoto. Tukagawana watatu. Chisenga akasema ameshiba, wamekula shuleni, akanisogezea kipande chake.

Shuleni kwao hawapewi chakula. Najua mimi, na yeye anajua kwamba najua. Nikakila.

Naandika haya nikiwa na aibu. Nilikila chote na nikafuta sahani kwa kidole. Nikajiambia Jumamosi nitampa paja zima la kuku, na firigisi pia, ingawa firigisi ni ya baba.

Jioni kumetokea jambo zuri! Simu ya Kaluba hupata chaji kwa Jere, kwenye sola yake. Nikachungulia juu ya ua, nikamwona akiipokea pale pale. Ni mama yake, maana alipiga goti kidogo alipoitikia. Akasikiliza kwa muda mrefu. Akaweka mkono mdomoni. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainamisha kichwa. Bila shaka mama yake ameshukuru kwa kitenge, na amemdokezea kinachokuja. Mwanamke akipata habari njema miguu hukosa nguvu.

Aliporudi ndani nilijifanya sijui kitu. Alinitazama kweli kweli. Akaniuliza kitenge cha tausi bei gani siku hizi. Nikasema sijui mambo ya wanawake.

Ameshapata habari za kitenge! Mpango unatembea.

Alhamisi, 10 Oktoba

Joto la kuua. Maji ya bomba hayajatoka siku ya tatu. Mkaa nao umepanda, wenye magunia wanasema misitu imefungwa, wanasema barabara, wanasema chochote. Tumepikia maboksi. Moshi umejaa nyumbani kama kuna pombe inayopikwa.

Saa nne Mzee Lengwe akaja, kwa miguu, na jua lile! Nikajua. Mshenga hatembei bure. Nikamkaribisha kiti, akakataa. Nikamkaribisha chai ya rangi, akakataa. Lengwe kukataa chai! Heshima yangu imeanza kupanda, nikawaza.

Akasema ukoo wa mke wangu umekaa jana usiku, wote, mpaka wajomba. Wamekubaliana. Jumamosi asubuhi wanakuja wanawake sita, wakiongozwa na Shangazi Bupe, dada wa baba mkwe. Nibaki nyumbani, nisitoke.

 Nikauliza jambo moja tu, wanakuja na vyungu? Akasema watakuja na vyungu, ndiyo, lakini sikiliza Evaristo, ile habari yenyewe ni hivi...

Nikamkatiza. Nikanyoosha mkono. Mkwe haulizi wala haambiwi chunguni kuna nini, ndiyo adabu yetu. Nikamwambia, "Mzee, usinivunjie utamu. Nitaona mwenyewe." Akafungua mdomo tena. Nikaziba masikio kwa vidole, kwa utani. Akanitazama, akatikisa kichwa, akakohoa mpaka akashika ukuta.

Alipokuwa anaondoka alisema nitafute unga, hata leo, hata wa kukopa. Nikamwambia Jumamosi siku hiyo nani atajali unga! Akaenda zake. Mzee amechoka. Mshenga wa siku hizi hana furaha ya kazi yake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku ya maandalizi. Mkwe hali matebeto peke yake, lazima awe na wanaume wa kukaa naye. Nimewaalika wanne. Bwana Sikazwe wa kwaya. Fundi viatu wa kona na kaka yake, ambao wana hamu ya kuku kuliko mimi. Na Jere! Makusudi kabisa. Nataka akae kiti cha mbele.

Jere akashika kiuno. Akasema miujiza ipo, Wabemba sasa wanapikia hata nyani wenyewe. Nikamwambia aje na tumbo tupu, leo asile panya. Tulicheka mpaka mkewe akachungulia dirishani. Halafu Jere akaacha kucheka. Akanisogelea akaniuliza, kwa sauti ya chini, Mama Chisenga yuko salama? Mke wake anasema analia akiwa anachaji simu. Nikasema ni furaha. Akanipigapiga bega kama mtu anayempa pole mwenzake, akaniazima koti lake la suti. Mikono mirefu, lakini koti ni koti.

Nimeazima viti vitano kanisani. Nimefagia uani. Nondo zangu nimezificha nyuma ya choo.

Kaluba naye amejiandaa bila kuambiwa. Ameosha sufuria zote, hata ile yenye tundu. Amekunja nguo. Amefunga mafundo mawili makubwa kwa shuka, amepaka cherehani mafuta na kuifunika. Nikaona anataka mashangazi wakute nyumba safi. Mwanamke mwenye akili! Nilimwambia asijichoshe. Akaniuliza mfuko umekuja?

Nilikuwa na nafasi pale. Alikuwa amesimama mlangoni na fundo mkononi, jua likimpiga usoni, na amekonda. Sikuwa nimeona jinsi alivyokonda. Ile mifupa ya shingo. Nilitaka kusema, mke wangu, nimekosa, hela ya unga niliinunulia kitenge. Maneno yalifika kooni kabisa. Naamini angekaa chini, angenitukana, kisha tungekwenda kwa Jere kuomba mabakuli mawili ya unga, na yangekwisha.

Nikasema, "Kesho utaona zaidi ya mfuko."

Akanitazama kama mtu anavyotazama mgonjwa. Akasema haya, Baba Chisenga. Kesho tutaona.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika, lakini sijui nianzie wapi.

Saa tatu tulikuwa tumekaa. Mimi katikati kwenye mkeka, koti la Jere limenifunika mpaka vidole. Wanaume wanne viti vya nyuma. Fundi viatu alikuwa ameshanawa mikono. Watoto wa mtaa wamejaa uani. Mama Jere na wanawake wawili wamesimama tayari kwa vigelegele, maana nilikuwa nimewaomba mwenyewe.

Lori dogo likasimama pale kona. Wakashuka, wakajipanga mstari. Wanawake sita! Vitambaa vyeupe vichwani, kila mmoja na chungu chake, kila chungu kimefunikwa kitambaa. Shangazi Bupe mbele, mnene, anatembea taratibu. Mama Jere akapiga kigelegele. Mimi macho yalinilowa. Miaka kumi na sita! Nikamgeukia Jere nimwone anavyoumia.

Lakini hawakuwa wanaimba. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Wanawake sita na vyungu sita, na kimya. Kigelegele cha Mama Jere kikakatika njiani.

Na walikuwa wanatembea wepesi mno. Chungu chenye kuku wawili na mchuzi humfanya mtu akaze shingo. Hawa shingo zao zilikuwa zinageuka huku na huku.

Wakavitua mbele yangu. Nikapiga makofi ya heshima kama inavyotakiwa. Shangazi Bupe hakupiga. Akafunua cha kwanza. Kitupu. Cha pili, kitupu. Cha tatu. Cha nne. Cha tano. Fundi viatu akasema "jamani" kwa sauti ndogo. Vilikuwa vikavu kabisa.

Cha sita akakisogeza karibu na goti langu kabla ya kukifunua. Ndani kulikuwa na kitenge cha tausi, kimekunjwa vizuri, hakijavaliwa. Chupa ya mafuta haijafunguliwa. Na sukari, pungufu kidogo, Lengwe huyo.

Akasema mama mkwe wangu anashukuru. Alimpigia mwanawe simu kumshukuru kwa zawadi, mwanawe akauliza zawadi gani. Ndivyo walivyojua. Akasema, watu wote wanasikia, "Mama mkwe wako hawezi kujifunga unga wa mwanawe kiunoni."

Hakutukana. Angetukana ningejua la kufanya.

Wakaingia ndani. Sahani, vikombe, miiko, sufuria, hata ile yenye tundu, vyote vikaingia kwenye vyungu. Ndiyo kazi iliyovileta vyungu. Wawili wakabeba cherehani. Kaluba akatoka mwisho, amevaa viatu vya kanisani. Akasimama mbele yangu. Nikasema, mke wangu, kesho gari la Ndola... Akasema, "Evaristo." Hajaniita kwa jina tangu tuzae. Akaondoka.

Chisenga alinirudia mbio. Akaniambia uji upo kwenye jiko, ndani ya kopo, umefunikwa, niule kabla haujaganda. Akakimbia tena.

Wanaume wakanyanyuka mmoja mmoja. Bwana Sikazwe akasema Mungu yupo. Wakabeba viti vya kanisa, maana vilitakiwa kwenye harusi.

Jere alibaki. Nikamsubiri. Nikasema moyoni, sasa sema, mla panya, sema yote, ni haki yako. Hata msibani mtani hucheka, hata makaburini. Akakaa pale chini kwenye mkeka karibu yangu. Hakusema neno moja la utani. Akaniambia nibaki na koti siku mbili tatu, hana haraka nalo.

Hapo ndipo nilipolia.

Jumapili, 13 Oktoba

Nyumba ina mwangwi. Nimekohoa, nikashtuka.

Alama nne za miguu ya cherehani ziko sakafuni pale dirishani. Nimezifagia mara mbili, haziondoki. Sikujua mtu anaweza kukumbuka kelele. Nimekaa nikisubiri ianze kulia.

Uji niliula jana. Ulikuwa umeganda. Leo nimekula sukari kwa kijiko, kumbe hakuna kijiko, kwa kiganja.

Mama Jere ameleta ugali na dagaa. Sahani imejaa. Nilisema sina njaa. Nikala. Dagaa walizidi chumvi kidogo, lakini sikusema. Alitaka sahani yake irudi hapo hapo, maana anajua nyumba hii haina tena mahali pa kuweka sahani.

Nilikwenda kanisani, nikakaa nyuma. Kwaya wamevaa sare mpya. Kila mshono ule nilimwona akiushona. Waliimba, mimi nikatazama pindo tu. Nampenda mke wangu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kuandika. Nampenda, na ninataka arudi, na nitafanya lolote watakalosema. Lolote!

Jumatano, 16 Oktoba

Mambo yamegeuka! Mungu wa Wabemba hajalala.

Jumatatu Jere alikuja akanivuta. Kuna mtu anajenga nyumba upande wa mjini, ana jenereta, anataka fremu za madirisha manane na fundi wake amekimbilia Lubumbashi. Jere ndiye aliyenisemea. Siku tatu nimechomelea kama kichaa, macho mekundu, mikono inanuka chuma. Nilikuwa nimesahau harufu hiyo. Leo nimelipwa. Kwacha mia nne, noti kavu!

Nikapita sokoni njiani kurudi. Karatasi ya bei imebadilishwa. Mia tatu na sitini. Ninazo! Ninazo na chenji juu!

Jioni Mzee Lengwe akaja. Safari hii alikunywa chai, ndani ya kopo la mafuta maana vikombe vimekwenda Roan. Nikamwambia nimekubali makosa, aniulizie faini yao. Mbuzi? Kuku weupe? Fedha ya kufungulia mlango?

Akasema ameshawauliza. Hawataki mbuzi. Hawataki faini. Kaluba mwenyewe amesema, mbele ya wajomba: siku atakapoona mfuko wa unga umesimama mlangoni kwa mama yake, mfuko mmoja tu, atavaa viatu arudi. Chisenga ameshafunga vitabu vyake, yuko tayari.

"Mfuko mmoja, Evaristo," Lengwe akasema. Akainua kidole kimoja. Akakiacha juu mpaka nikaitikia. Akasema twende Ijumaa, wanangoja, na kwa mara ya kwanza nitaingia ua ule wa wakwe mchana peupe. Akaniombea. Akakohoa. Nikamshika mkono, nikamwambia mzee, nimefunzwa. Nilisema kwa moyo wangu wote.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilitoka asubuhi na mapema, hela mfukoni, kwenda kununua mfuko.

Njiani nikaanza kuwaza. Hivi, mwanamume anaingia kwa wakwe zake mara ya kwanza baada ya aibu ile, na amebeba nini begani? Unga! Kama mchukuzi wa sokoni! Watasema tazama, mwenye njaa wetu kafika. Shangazi Bupe ataona mfuko, hataniona mimi. Na koti la Jere lina mikono mirefu, nikiinua mikono kushika mfuko vidole havionekani kabisa.

Halafu nikakumbuka jambo. Mkwe akija kupatana lazima apikiwe! Ndiyo desturi. Hawawezi kuniacha nikae pale mchana kutwa na mdomo mkavu, hata wakiwa na hasira kiasi gani. Watachinja. Angalau kuku mmoja, pengine wawili, wajomba wakiwepo. Na wakwe wanaochinja kwa mtu nadhifu huchinja zaidi kuliko kwa mtu aliyevaa koti la kuazima. Hilo liko wazi.

Na unga wenyewe, nimesikia sokoni, utashuka. Kuna mtu kasema serikali inaleta mahindi. Kununua leo kwa mia tatu na sitini ni ujinga mtupu. Ukingoja wiki mbili unapata mfuko na nusu kwa hela ile ile. Kaluba mwenyewe, ambaye anajua hesabu, atanishukuru.

Kwa hiyo nimenunua suti. Ya mtumba, ya kijivu, mikono sawasawa. Na tai. Na nimepaka rangi viatu.

Nilipokuwa narudi nilimkuta Jere barazani. Akatazama mikono yangu, akatafuta mfuko nyuma yangu, akatafuta hata barabarani, labda kuna mchukuzi anafuata. Nikamwonyesha tai.  Akaingia ndani na kufunga mlango. Wivu haujamtoka.

Kesho saa tatu Lengwe ananipitia. Sijamwambia, nataka imshtukize. Chenji iliyobaki nimenunulia bakuli la plastiki, kubwa, lenye kifuniko kinachobana. Nitaliweka ndani ya koti. Wakichinja kuku wawili haitakuwa busara kurudi mikono mitupu, na nyumbani kutakuwa na watu watatu wa kula.